Takataka Lazima Zipokelewe Kwanza

Je, kama si lake?

Swali hilo lilininyima usingizi usiku wa Jumatatu, na naomba msomaji asitarajie kwamba lilihusu mtoto, shamba au mchumba. Lilihusu faili. Faili moja ndani ya kompyuta ya ofisi yetu pale Majengo, lenye jina lisilotamkika, dogo kuliko barua ya posa. Kama lilikuwa mabaki ya programu ya ramani, basi lilistahili kufutwa. Kama lilikuwa la programu nyingine, ile ya orodha, kulifuta kungekuwa sawa na kung'oa jino zima kwa kosa la kukaa jirani na bovu. Na kompyuta ile iliendeshwa kwa Linux, mfumo ambao siku hizo haukuwa na pipa la takataka la kwenda kuchakura kesho yake ukijuta. Ukifuta, umefuta. Haukuulizi hata kama una hakika. Nadhani walioutengeneza waliamini kwamba atakayeutumia atakuwa mtu mwenye hakika na mambo yake. Hawakuwahi kunifikiria mimi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Mpanda bado ilikuwa wilaya ya Rukwa, na mtu akisema Katavi alimaanisha mbuga yenye viboko, si mkoa wenye mkuu wake. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya takwimu, miezi minne kazini, bado miwili nithibitishwe. Kwa maneno mengine nilikuwa msomi wa majaribio. Nilikuwa na tabia ya kurudi nyuma kuangalia kama nimefunga mlango, kisha kurudi tena kuangalia kama wakati wa kuangalia sikuufungua.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa mbegu. Kazi yake ilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu asiyesoma angeifanya vizuri. Kila mwaka, kabla ya mvua, tuliandika orodha ya wakulima wanaotaka mbegu za mahindi na maharage, wengi wao wa vijiji vya Katumba. Orodha ilipanda treni kwenda Tabora. Huko ghala lilihesabu magunia kwa kufuata orodha, na magunia yakarudi kwa treni ileile. Bila orodha hakuna magunia. Mwaka uliotangulia orodha iliandikwa kwa mkono, Tabora wakairudisha wakisema hawawezi kusoma mwandiko wa watu watano tofauti, na mbegu zilipofika mahindi ya wenzetu yalishafika magotini. Watu wa Katumba walizipokea kwa shukrani, wakazichemsha wakala. Kwa hiyo mwaka huu Tabora walidai orodha iliyopigwa chapa na kompyuta, na mwisho wa kupokea ulikuwa Jumamosi. Treni ya mwisho kuondoka Mpanda na kuwahi siku hiyo ilikuwa ya Alhamisi mchana.

Kompyuta tuliletewa na kijana mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo. Aliweka Linux kwa sababu, alisema, ni ya bure na haifi. Aliweka pia programu ya kuchora ramani, kwani alikusudia kila shamba la Katumba liwe na ramani yake. Alichora shamba moja. Akaugua malaria mara mbili, akarudi kwao, akatuachia kitabu cha mwongozo kilichodurufiwa, kinene kama Biblia ya mimbarani, chenye alama ya kikombe cha kahawa kwenye ukurasa wa yaliyomo.

Programu ile ilikuwa ikiishi mle bure, haifanyi kazi, inakula nafasi. Wiki mbili kabla ya mkasa huu mkuu wetu wa ofisi aliniagiza niiondoe. Nikafungua kitabu, nikafuata maelekezo, nikaandika amri, na mashine ikanyamaza, jambo ambalo katika Linux maana yake ni heri. Kwenye kikao cha wafanyakazi nilisimama nikasema, kwa sauti ambayo leo inanitia aibu, "Programu ya ramani imeondolewa." Ikaandikwa kwenye muhtasari. Dereva alipiga makofi, peke yake.

Jumatatu hiyo niliandika majina ya mwisho ya Katumba, nikaamuru mashine iyahifadhi. Ikajibu kwamba diski imejaa. Nikajaribu kuchapa angalau yale yaliyokwisha kuhifadhiwa. Ikakataa pia, kwa sababu printa haichapi kitu mpaka kazi ilazwe kwanza kwenye diski kusubiri zamu yake, na diski haikuwa na hata pa kulaza jani.

Nilipochungulia ndani nikaona. Programu ilikuwa imeondoka kama mpangaji anayehama na begi moja, akaacha masufuria, godoro na mbwa. Nilichokuwa nimekiondoa ni ile sehemu inayofanya kazi tu. Sehemu zisizofanya kazi zilikuwepo zote, salama salimini. Kulikuwa na kurasa za msaada kwa lugha nne, Kiswahili si mojawapo. Kulikuwa na mafaili ya mipangilio yaliyoanza na nukta, yale ambayo Linux inayaficha usiyaone, nadhani kwa kukuhurumia. Na kulikuwa na folda kubwa kuliko zote, ya ramani za mfano: maziwa ya nchi fulani ya baridi, mamia ya maziwa, kila moja na kina chake na visiwa vyake. Sisi tuliokaa kati ya Tanganyika na Rukwa hatukuwa na hata kidimbwi mle. Watu wa Katumba walikuwa wanakaribia kukosa mbegu kwa sababu ya maziwa yanayoganda wakati wa Krismasi.

Hayo yote yalikuwa na jina la programu ya ramani mlangoni, hayakuwa na utata. Lile faili dogo, hata hivyo, lilikaa kwenye folda ya pamoja, mahali ambapo kila programu huweka vyombo vyake kama jiko la nyumba ya kupanga. Halikuwa na jina la mwenyewe. Ndilo lililonifanya nione alfajiri ya Jumanne ikiingia dirishani.

Asubuhi nikaenda kwa Mkuu. Alikuwa mzee wa Kipimbwe, mtulivu, aliyetumikia serikali miaka ishirini kama mtunza stoo kabla ya kuja mradini. Kila kitu ofisini kwetu alikuwa amekipaka namba kwa rangi nyeupe: viti, meza, birika, benchi la wageni, mpaka mtego wa panya.

"Shikamoo, Mzee. Diski imejaa. Kuna mabaki ya ile programu ya ramani."

"Marahaba. Ile uliyoiondoa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Iliyoandikwa kwenye muhtasari kwamba imeondolewa?"

"Ndiyo."

Akavua miwani. "Msomi, kilichoondolewa kinabakije?"

Nikamweleza. Nilianzia mbali, kama kawaida yangu, na nilipofika kwenye mafaili yanayoanza na nukta aliinua mkono.

"Hayo mabaki yana namba?"

"Mafaili hayapakwi rangi, Mzee."

"Kompyuta ina namba. Kilichomo ndani ya kitu chenye namba ni mali ya ofisi. Nikikuachia kabati utatupa sahani zilizomo kwa sababu sahani hazina rangi?"

Nilitafuta kasoro kwenye hoja hiyo na sikuiona. Hilo ndilo tatizo la kusoma takwimu: unajifunza kuheshimu hoja hata inapokunyonga.

Akafungua leja ya mali, akapitisha kidole. Kompyuta ilikuwemo. Kibodi ilikuwemo. Kitambaa cha kuifunika kompyuta vumbi lisiingie kilikuwemo, na maua yake yametajwa rangi. Programu ya ramani haikuwemo.

"Unaona? Haikupokelewa," alisema kwa huzuni ya kweli. "Huwezi kufuta mali ambayo haikupokelewa. Itaonekana umetupa cha mtu."

"Kwa hiyo, Mzee?"

"Kwa hiyo kwanza tunaipokea. Ikishapokelewa, kamati ya kufuta inakaa. Wajumbe watatu, saini tatu. Kamati ikikubali, ndipo unatupa."

"Lakini ni takataka, Mzee."

"Basi zipokee kama takataka. Lakini zipokee."

Jumanne yote nikapokea takataka. Sijui kama kuna mhitimu mwingine wa chuo kikuu katika Afrika Mashariki aliyewahi kupewa heshima hiyo. Nilikaa na leja mbele ya kompyuta, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika kila folda na idadi ya mafaili yake. Safu ya kwanza, jina la kifaa. Safu ya pili, idadi. Ya tatu, chanzo; nikaandika "zawadi". Ya nne, hali ya kifaa. Hapo nikasita. Hali ya ziwa la barafu ndani ya diski ni ipi? Nilifungua baadhi ya mafaili kuyakagua. Yalikuwa mazima kabisa, hayana kasoro hata moja, yamekaa kama siku yalipoletwa. Mimi ni mtu mkweli pale ambapo ukweli hauna faida. Nikaandika "nzuri", toka juu mpaka chini, kurasa tatu.

Kwenye mstari wa lile faili dogo nikaandika "nzuri", kisha kwenye safu ya maelezo nikaongeza, "mwenyewe hajulikani". Nilijisikia nimetenda haki.

Jumatano asubuhi, kabla kamati haijakaa, aliingia mama mmoja wa Katumba, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaolima pamoja. Alikuwa amepanda lori la tumbaku tangu giza ili kuja kuuliza swali moja tu. Tulimkaribisha akae kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Majina yetu yameondoka?"

"Bado, mama. Yanaondoka kesho."

"Yapo wapi sasa?"

Nikamwonyesha kompyuta. Akaitazama kwa heshima ile mtu anayompa ng'ombe wa jirani anayesemekana hupiga mateke.

"Yamo humo ndani?"

"Yamo."

"Na yanashindwa kutoka?"

"Kuna vitu vimejaa njiani."

"Ego," alisema, ndiyo ya Kirundi chao, akitikisa kichwa kama aliyesikia jambo analolijua. "Mwaka jana majina yalikuwa kwenye karatasi, yakarudi. Mwaka huu yamo kwenye sanduku, hayatoki. Mwaka ujao nyie mtuandike kwenye ngozi zetu, tupande treni wenyewe."

Katibu muhtasi wetu, mama wa Kifipa aliyepiga taipu tangu mimi sijazaliwa, alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake. Mimi sikucheka. Mama wa Katumba naye hakuwa anacheka.

"Mahindi ya kupanda tuliyokuwa nayo tuliyala mwezi wa saba," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Tuliyala kwa sababu mlisema mwaka huu mbegu zitawahi. Nimewaambia wenzangu waamini. Mimi ndiye niliyesema." Akajifunika kanga vizuri. "Nitakaa hapa mpaka yatoke."

Kamati ikakaa saa tano. Wajumbe walikuwa Mkuu, katibu muhtasi na dereva. Dereva alikuwa Msukuma wa Majimoto ambaye ukoo wake ulishuka na ng'ombe kutoka kaskazini, na alichukulia vikao vyote kama mnada uliochelewa kuanza. Mimi nilikuwa mwasilishaji. Mama wa Katumba alikuwa benchini, hatua tatu kutoka mezani, akisikia kila neno.

Mkuu alisoma leja kimya, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaiweka.

"Msomi. Hapa umeandika hali: nzuri."

"Ndiyo, Mzee."

"Yote nzuri."

"Hayana kasoro, Mzee. Niliyakagua."

"Kamati ya kufuta inafuta vitu vibovu. Vilivyovunjika, vilivyoliwa na mchwa, vilivyoisha muda. Kitu kizima hakifutwi. Kitu kizima kinatunzwa."

Nikashika kalamu. "Basi naomba nibadilishe niandike mbovu."

"Kubadilisha maandishi ya leja baada ya kupokea ni kosa. Kibaya zaidi ni kubadilisha ili upate kutupa."

"Kama ni vizima si viuzwe mnada?" dereva aliuliza. "Profesa, umesema kuna maziwa mangapi?"

"Mamia."

"Yana samaki?"

"Hayana."

"Yananywesha ng'ombe?"

"Kaka, ni ramani tu. Tena yameganda."

"Mnada hautaenda," dereva aliamua. "Sisi Wasukuma hatununui ziwa linaloteleza."

Katibu muhtasi alikuwa ameinamisha uso, mabega yakimtikisika. Mkuu hakuonekana kusikia. Alikuwa akitazama leja, na aliposema, hakusema nasi hasa.

"Mwaka niliokuwa stoo ya boma niliona magodoro saba yaliyooza. Nikasema, haya ni uozo, nikayachoma. Wakaja wakaguzi. Magodoro saba yako wapi? Nimeyachoma. Nani aliyekuruhusu? Yalikuwa yameoza. Nani alithibitisha yameoza? Nililala ndani siku tatu. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, aliniletea uji akitembea kwa miguu." Akafunga leja. "Hayo magodoro yalikuwa yananuka, Msomi. Kila mtu aliyajua. Siku ya siku hakuna aliyekuwa amewahi kuyanusa."

Nilikuwa nimemcheka mzee huyu moyoni tangu Jumanne, na ghafla sikuona pa kukiweka kicheko changu.

"Nyie vijana mkiharibu mnaanza upya," alisema akisimama. "Kamati itakaa tena Jumatatu, baada ya mimi kuuliza makao makuu kwa barua. Siwezi kusaini vitu vizima."

"Mzee, treni ni kesho."

"Najua treni ni kesho." Alichukua kofia yake. Hakuichukua leja, ambayo kwa kawaida aliifungia kabatini hata akienda msalani tu. "Naenda kwa mkuu wa kituo cha reli kuomba watuwekee nafasi ya bahasha," alisema mlangoni, "endapo bahasha itakuwepo." Dereva akatoka naye. Tukabaki katibu muhtasi, mimi, na mama wa benchi.

Nilifanya nilichofanya siku zote: nikafikiria. Nikafikiria kuhamisha maziwa kwenye diski ndogo za mkononi. Zingehitajika zaidi ya arobaini, tulikuwa na saba. Nikafikiria kunakili orodha kutoka kwenye kioo kwa taipureta. Majina yalizidi elfu moja, tusingefika nusu. Nikafikiria kumfuata Mkuu njiani nikamweleza upya, kwa utaratibu mzuri zaidi. Nikalifikiria tena lile faili dogo. Nilifikiria mpaka katibu muhtasi akavuta kiti akaketi karibu yangu.

"Mdogo wangu, kinachokukwamisha ni saini au ni mashine?"

"Vyote, dada. Mzee hasaini. Na hata angesaini, kuna hili faili hapa, sijui ni la nani. Nikilifuta na kumbe ni la programu ya orodha, orodha yote inakufa."

"Linakula nafasi kubwa?"

"Hapana. Halina kitu."

"Ukilifuta tutapata nafasi ya kuchapa?"

"Hapana, haitaongezeka hata chembe."

Akanitazama bila ukali, kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekuja hospitali na kipande cha ndizi mkononi akilalamika njaa.

"Sasa unalifutia nini?"

Siku mbili, usiku mmoja na kurasa tatu za leja, na wazo kwamba faili linaweza kuachwa pale lilipo halikuwa limepita kichwani mwangu hata kwa makosa. Mimi nilikuwa nimetumwa kusafisha, na kichwani mwangu kusafisha kulikuwa ni kumaliza, na kumaliza ni kujua kila kitu ni cha nani. Shahada yangu ilikuwa ukutani nyumbani kwa mama, kwenye fremu.

"Liache," katibu muhtasi alisema. "Futa hayo maziwa."

"Na saini?"

Alirudi mezani kwake akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nilielewa. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na saini yake kwenye leja ile bila ya Mkuu ingekuwa godoro la nane.

Mama wa Katumba alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi. Hakuniomba. Nilitamani aniombe, ili baadaye niseme niliombwa.

Nikafungua leja. Mkuu hatasaini, nilijua sasa; si Jumatatu hii, si Jumatatu ile nyingine. Makao makuu wangemjibu kwa kumuuliza Linux ni nini. Na hakuwa anakosea. Mtu aliyelala ndani kwa ajili ya uozo hana sababu ya kusaini vitu vizima kwa ajili ya kijana aliyeandika "nzuri" kwa kupenda usahihi. Kama kuna mtu wa kulala ndani kwa ajili ya maziwa ya barafu, alikuwa ni yule aliyeyaondoa kwa mdomo kwenye kikao, akapigiwa makofi na mtu mmoja.

Kwanza nikafungua kitabu kinene. Kilikuwa na amri ya kuiuliza programu moja inategemea mafaili gani ili iende. Nikaiuliza programu ya orodha. Ikanijibu kwa majina sita. Hakuna hata moja lililokaa ndani ya folda ya ramani. Nikauliza tena, kwa sababu ndivyo nilivyo. Majina sita yaleyale. Nikauliza mara ya tatu, kisha nikaondoa mikono kwenye kibodi kabla haijawa mara ya nne.

Nikaandika amri ya kufuta. Hapo kitabu kilikuwa na onyo, limepigiwa mstari na kalamu ya kijana wa ng'ambo: ukiacha nafasi moja tu kati ya alama ya mkwaju, kile kistari kilichoinama, na jina la folda, amri haitafuta folda, itaanza kufuta kila kitu kilichomo kwenye mashine, pamoja na Katumba yote. Nilitazama mstari wangu. Kadiri nilivyoutazama ndivyo nafasi zilivyozidi kuota.

"Dada," nikasema. "Njoo unisomee. Usinisaidie kitu kingine. Nisomee tu."

Akaja. Miaka yake ya taipu ilikuwa imempa jicho linaloona nafasi ya ziada kutoka upande wa pili wa chumba, na alisoma kama alivyokuwa akisoma rasimu za Mkuu, herufi moja moja kwa sauti, kidole hewani bila kugusa kioo. Alifika kwenye mkwaju, akasita, akasogeza uso. Mama wa Katumba alikuwa amesimama.

"Hakuna nafasi hapo," katibu muhtasi alisema. "Imeshikana." Akasoma mpaka mwisho, akarudi mezani kwake, akageuza kiti akatazama dirishani, ili asiwe ameona.

Nikavuta leja. Chini ya kurasa zangu tatu palikuwa na sehemu ya kamati, mistari mitatu ya saini. Kwenye wa kwanza na wa pili nikapiga mstari mrefu kwa rula, kalamu ikikandamiza, ili asije mtu akadhani kuna aliyeulizwa akakubali. Kwenye wa tatu nikaandika jina langu kamili, cheo changu, na maneno "katika majaribio". Penye sababu ya kufuta nikaandika, "Vitu ni vizima. Nimevifuta mimi, peke yangu, ili orodha ya mbegu iwahi treni." Nikasaini. Saini ikatoka kama ya mtu mwingine, kwa hiyo nikasaini tena pembeni ili pasiwe na shaka.

Kisha nikageukia kibodi nikabonyeza Enter.

Mashine ilinguruma ndani kwa ndani, kwa muda ambao nilikosa pa kutazama. Ikanyamaza. Haikusema kitu, na mstari mtupu ukarudi kunisubiri. Nikahifadhi majina ya mwisho, yakakubali. Nikaamuru ichape. Printa ikaguna, ikavuta karatasi ya kwanza, na mama wa Katumba akasogea akasimama juu yake, akisoma kila jina lilivyokuwa likitoka.